Anguko Bora la Gunia

Kazi ya Gunia ilikuwa kuanguka. Katika kundi lile la mieleka ya maonyesho, wengine waliajiriwa kwa ajili ya vifua vyao, wengine kwa midomo yao mirefu, na mmoja, nasikia, kwa sababu ya nywele tu. Yeye aliitwa ili aje kuanguka. Alibebwa juu juu, akazungushwa, akapigwa chini kwa mgongo mpaka mbao za ulingo zikalia, na ukumbi mzima ukashika vichwa. Jina lenyewe alipewa na promota siku ya kwanza alipomwona akitua. "Huyu anatua kama gunia la viazi," promota alisema, na likamganda. Hata mama yake mzazi alilitumia siku alizokuwa na furaha.

Msidhani ni kazi ya kitoto. Kuanguka vizuri kuna sheria zake: kidevu kishuke kifuani, mikono iwahi mbao kabla ya mgongo, pumzi uitoe mwenyewe kabla hujanyang'anywa. Na kuna siri moja ambayo mtazamaji haioni. Mkishakumbatiana pale chini, mwenzako anakubinya kiganja, maana yake, uko sawa? Nawe unambinya, maana yake, niko sawa, tuendelee. Usipombinya, anajua mambo yameharibika, anamtonya refa, mchezo unakatishwa kijanja. Watu wanalipa kiingilio kuja kuona mkiuana, kumbe muda wote mmeshikana mikono.

Tabu ni kwamba uongo wa kazi ile haukuishia ulingoni. Promota alikuwa mkali kama pilipili kwa jambo hilo: ukivunjwa shingo Jumamosi, Jumapili uonekane mtaani na kola ya hospitali shingoni, maana watu wamelia machozi yao ya kweli na hawataki kukuona gengeni ukichagua nyanya. Gunia alitii kupita kiasi. Alichechemea mpaka dukani. Alikunywa uji kwa mrija mbele ya majirani, na majirani, watu wema, wakamletea machungwa. Siku chache baadaye wanakuta bango zima ukutani, Gunia amerudi, mzima wa afya, anatupwa tena. Hakuna anayependa kufanywa mjinga na machungwa yake mwenyewe. Ikafika mahali akipita wanamwuliza, "Gunia, leo umevunjika wapi?" naye anacheka nao.

Kisha mama yake akafariki, na siku hiyo Gunia alikuwa amevaa kola.

Walizaliwa wawili tu, Gunia na kaka yake. Kaka huyo ni fundi wa kuchomelea, mtaa wote wanamwita Fundi Geti, na karakana yake iko mbele ya nyumba ile ile waliyoachiwa na mama: mageti yameegemezwa ukutani, mashine ya kuchomelea imelala mlangoni, na ukikaa sebuleni harufu ya chuma kilichoungua inakufuata mpaka kwenye chai. Asubuhi ya maziko, kaka alimkuta mdogo wake uani akinyoa ndevu, kola ameitundika kwenye kamba ya nguo, shingo inageuka huku na huku bila taabu. Saa ya kubeba jeneza ilipofika, akamwona Gunia kasimama nyuma na kola yake, mikono inaning'inia. Promota alikuwa amempigia simu: watu watakuwepo, watapiga picha, usibebe. Na hakubeba. Mama yake alibebwa na kaka mtu, na muuza mkaa, na wanaume ambao mama hakuwahi hata kuwapikia.

Mimi hapo siwezi kumtetea Gunia, na sitajaribu. Fundi Geti naye hakugomba, hakuinua sauti. Ila tangu siku hiyo, kila neno la mdogo wake alilisikiliza kama mtu anayehesabiwa chenji na mwizi.

Miaka ikaenda, mieleka ikadorora, kundi likasambaratika, promota akahamia biashara nyingine na wenzake Gunia wakatawanyika kila mtu na njia yake. Gunia akabaki katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama, hana mke, hana ulingo, anamsaidia kaka yake kushika vyuma vikatwe sawa. Ndipo wakaja vijana wa kampuni ya magemu ya simu. Walikuwa wanatengeneza gemu la mieleka, wameliita Ulingo wa Moto, na walikuwa wanatafuta mtu wa kuanguka. Kila waliyemwuliza aliwaambia jina moja.

Walimpeleka kwenye ukumbi mtupu ghorofani, kuta nyeusi, kamera zimepangwa pande zote karibu na dari. Wakamvisha suti ya kubana iliyobandikwa vidude vyeupe kila kiungo, mgongoni, magotini, hata kwenye visigino, wakamweleza kwamba kamera zinafuata vile vidude, na kompyuta inachora mtu anayefanya kila anachofanya yeye. Gunia alifurahi ajabu. Alianguka asubuhi nzima: kwa mgongo, kwa ubavu, kwa uso. Vijana walipiga makofi na kumwita mzee, naye kichwa kikavimba kidogo. Nani angemlaumu?

Baada ya chakula wakataka anguko kubwa, lile la kutupwa kutoka juu ya kamba. Wakapanga majukwaa ya mbao moja juu ya jingine, chini wakaweka magodoro mawili. Hakukuwa na mpinzani. Alipanda peke yake, akajitupa mwenyewe kinyumenyume. Magodoro yale, kwa kukanyagwa asubuhi nzima, yalikuwa yameachana katikati, na Gunia akatua pale pale penye mwanya.

Alilia kilio ambacho hakuwahi kukilia ulingoni. Kisha akasema, "Siisikii miguu. Jamani, siisikii miguu yangu."

Vijana wakapiga makofi. "Moto huo!" mmoja akasema nyuma ya kioo cha chumba chao cha kompyuta. "Usiikatishe, endelea hivyo hivyo!" Na kamera ziliendelea. Gunia alinyoosha mkono pembeni, akatafuta kiganja cha mtu, akapapasa godoro. Hakukuwa na kiganja. Walipokuja kushtuka kwamba mzee bado amelala, miguu ilikuwa imeanza kurudi, inachomachoma kwa mbali, ikabidi ainuliwe na watu wawili. Walikuwa wamebakiza kurekodi jinsi ya kuamka. Akawaambia watarekodi siku nyingine.

Dereva wa kampuni alimshikilia mpaka mlangoni kwake, anacheka. "Mzee, yaani mpaka nyumbani bado unaigiza?"

Siku za mwanzo alitembea, lakini kama mtu anayekanyaga sponji. Kisha akashika ukuta. Kisha akashika ukuta na shemeji yake kwa pamoja. Shemeji ni mke wa Fundi Geti, mshonaji, cherehani yake iko dirishani sebuleni, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa anashinda na mgonjwa. Kwenye zahanati ya jirani tabibu alimtazama usoni kabla hajamtazama mgongo, akaangua kicheko.

"Gunia mwenyewe! Mke wangu alilia siku ile ulipotolewa na machela. Na wiki ya pili yake tunakuona uko juu ya kamba!" Akamminya mgongo hapa na pale. "Misuli hii. Pumzika, jikande."

Fundi Geti alikuwepo, na alisikia alichotaka kusikia.

Gunia alitaka kitu kimoja tu duniani: apelekwe hospitali kubwa, ile yenye mashine za kupiga picha mgongo, wakati miguu bado ina uhai. Kila asubuhi, kabla hajasema na mtu, alijifinya kidole gumba cha mguu, akasikia kwa mbali kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu, akashukuru. Lakini mwenye gari alikuwa kaka yake, pikapu ya kubebea mageti, na shemeji peke yake asingeweza kumbeba mwanamume yule mpaka barabarani.

"Kaka, nakuomba," alisema. "Sijawahi kukuomba kitu."

"Hospitali kubwa ni ya wagonjwa," Fundi Geti alijibu, anavua glovu zake za ngozi. "Wewe mara ngapi umevunjika? Mara ngapi umepona siku ya bango?"

"Ile ilikuwa kazi."

"Na hii?"

"Hii ni kweli."

"Hata kola ulisema kweli. Ulimwambia mjomba mtu mzima, machoni pake, kwamba huwezi kuinua mkono. Mama yuko kwenye jeneza, wewe unasema huwezi kuinua mkono." Akageuka kwenda kuwasha mashine. Yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyowahi kusema kuhusu siku ile.

Shemeji aliyasikia yote, mguu wake ukasimama juu ya pedali ya cherehani. Jioni, mume wake alipokuwa anakula, alimkabili. "Baba, siku nikifa mimi ndiyo utaniamini naumwa?" Fundi Geti alitafuna, akameza, akasema mke wake ana moyo laini na ndiyo maana wateja wanamkopa nguo.

Basi gemu likatoka. Gunia alikuwa amelisubiri kuliko vijana waliolitengeneza, na si kwa sababu ya sifa. Alikuwa amesikia kwamba kuna watu kazi yao ni kucheza magemu na kuyahukumu, wachambuzi, wengine wanaandika gazetini, wengine wanatoa video, na hawapitwi na kitu hata kidogo. Wanaona kivuli kilichoelekea upande usio wake. Wanaona mhusika mwenye vidole sita. "Hawa watajua, shemeji," alisema. "Watu wa kuangalia tu, kutwa nzima wanaangalia. Wakiliona lile anguko watajua yule mtu ameumia. Wataandika."

Alimwambia na kaka yake. Fundi Geti, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu kudanganywa, alifikiri kidogo akiwa na chuma mkononi. "Haya," alisema. "Sikuamini wewe, na maneno ya zahanati hukuyakubali. Hao hawakujui, hawana sababu ya kukupendelea wala kukuonea. Wakisema umeumia, siku hiyo hiyo nakupakia kwenye gari. Wakisema vingine, usinitajie tena hospitali."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa: mgongo wa mtu mzima uliwekwa mikononi mwa watu wanaotoa alama kwa magemu. Naandika hivyo na bado siamini.

Uchambuzi wa kwanza ulikuwa wa gazeti. Shemeji aliufungua kwenye simu, akavuta kigoda karibu na kitanda. Fundi Geti akasimama mlangoni, miwani ya kuchomelea imesukumwa juu ya paji la uso.

"'Ulingo wa Moto ni gemu lililotolewa jikoni kabla halijaiva,'" shemeji alisoma. "'Watazamaji wote wana uso mmoja, utadhani ukumbi mzima umetoka tumbo moja. Refa anapita katikati ya kamba kama mzimu. Wababe wanapigana ngumi za kwenye maji. Nimeanza kuvutwa na usingizi mpaka nilipofika kwenye anguko la kutoka juu ya kamba.'"

Gunia akajiinua kwa kiwiko. "Soma hapo. Soma taratibu."

"'Hapo nilikaa sawa. Sijui ni nani aliyeigiza anguko hili, waliolitengeneza hawakumtaja, lakini mtu huyu ni mwigizaji wa daraja lake peke yake. Kilio chake kinaingia kwenye mifupa. Na sauti ile inayosema siisikii miguu yangu, jamani, ni...'" Shemeji akanyamaza.

"Ni nini?" Fundi Geti aliuliza.

"'Ni uigizaji bora wa maumivu niliowahi kuusikia katika gemu lolote. Anastahili tuzo.'"

Gunia alisema huyo ni mmoja tu, wako wengine. Wakawasikiliza wengine. Dada mmoja mwenye vipokea sauti vikubwa masikioni alitoa video, anacheka na kuziba mdomo: "Jamani, nywele zilinisimama! Huyu baba anajua kuigiza hadi basi! Nimerudia labda mara ishirini, kila mara nasema, Mungu wangu, amekufa!" Mwingine alisema gemu zima ni takataka yenye almasi moja ndani. Mmoja alilaumu kwamba anguko limetiwa chumvi mno, watu wa kweli hawalii vile. Waligombana wao kwa wao kuhusu rangi, kuhusu kasi, kuhusu muziki, lakini katika jambo lile hakuna aliyetoka nje ya mstari: mzee yule anaigiza.

Na wote, kama waliokaa kikao kimoja, walitaja kasoro ile ile. Mwanamieleka akianguka kutoka juu ya kamba, haamki. Unabonyeza, unabonyeza, amelala tu, mpaka refa anamaliza kuhesabu. "Wamesahau kutengeneza kuamka," dada yule alisema. "Yaani mtu mzima analala pale kama zulia! Rekebisheni jamani, inaudhi."

Fundi Geti alishusha miwani yake. "Umewasikia," alisema, na safari hii hakusema kwa hasira, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. "Wanakupa na tuzo."

Mtaani nako neno likashika kasi. Simu zote zilikuwa na lile gemu. Mtu akikaa sana kibarazani na miguu ikafa ganzi, anasema siisikii miguu, wenzake wanacheka mpaka wanapigana makofi ya mgongo. Mteja mmoja wa mageti aliinama dirishani kwa Gunia kumpongeza. "Tuigizie kidogo, mzee," alisema. Gunia alimtazama tu, na mteja akasema, "Aisee, hata kimya chake ni uigizaji."

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye msiba wenyewe, na aliyeuleta hakuwa na nia mbaya. Fundi Geti, baada ya kuwa wataalamu wamesema, aliona mdogo wake ameshindwa kesi na hapaswi tena kubembelezwa, lakini pia hapaswi kuachwa alale mpaka aote mizizi. Akakata shauri kumtibu mwenyewe. Zahanati ilisema ajikande, basi atamkanda. Jumapili alasiri, karakana imefungwa, alichemsha maji, akayamimina kwenye beseni, akatia chumvi, akachovya mkono kupima.

Mkono wa fundi wa kuchomelea si mkono kama wako au wangu. Ngozi ya viganja vyake ilikuwa imeshaungua na kupona mara nyingi hadi ikawa kama soli. Alikuwa anashika geti lililotoka kwenye moto wakati wengine wanatafuta kitambaa. Anapokunywa chai, wageni wanamwomba asubiri kwanza. Alichovya mkono kwenye maji yale, akaona ni vuguvugu, akaongeza kidogo ya kwenye birika.

Akamkalisha Gunia ukingoni mwa kitanda, akamwingiza miguu yote miwili ndani ya beseni.

"Vipi?" aliuliza.

"Sawa tu," Gunia alijibu.

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi walikaa pamoja kama ndugu. Kaka mtu alichuchumaa chini, anammwagia maji magotini kwa kikombe. Alimwuliza ni nani yule aliyeajiriwa kwa sababu ya nywele, Gunia akamsimulia jinsi nywele zile zilivyonasa kwenye kamba ya ulingo zikabaki pale, kumbe za kubandika, na ukumbi wote ukasimama. Fundi Geti alicheka. Alicheka kweli, kile kicheko cha mama yao, cha kutoa machozi. Gunia naye alikuwa anacheka, na kwa dakika ile alifikiri labda mambo yataisha vizuri.

Shemeji aliingia na taulo. Akaona mvuke. Akainama atoe mguu mmoja aufute, vidole vyake vikagusa maji, na akapiga yowe lililowaleta majirani.

"Unamchemsha! Baba, unamchemsha mtu!"

Waliitoa miguu. Ilikuwa imeiva, nyekundu mpaka juu ya vifundo, na kwenye taulo ilibaki ngozi. Malengelenge yalikuwa yameshajaa. Na Gunia alikuwa bado na tabasamu la ile hadithi ya nywele, anawatazama wote wawili, anauliza kuna nini.

Fundi Geti alibaki amechuchumaa. Hakuwa mtu wa kusoma vitabu, lakini hakuhitaji mchambuzi wa kumfafanulia hilo. Kulia mtu anaweza kuigiza. Kuchechemea anaweza kuigiza. Lakini hakuna aliyezaliwa na mwanamke anayeweza kukaa anacheka huku miguu yake inapikwa. Aliutazama ule mguu, akautazama mkono wake mwenyewe, akasema, "Ee Mungu wangu," kwa sauti ndogo kama ya mtoto.

Hakungoja hata kuvaa viatu. Alimbeba mdogo wake mgongoni, akashusha mageti ya mteja kwenye pikapu kwa kuyasukuma tu yaanguke barabarani, akamlaza juu ya godoro. Shemeji alikaa nyuma anamshika kichwa. Njiani Gunia alimfinya shemeji mkono, akamwambia asilie, kwamba bora sasa wanakwenda.

Hospitali kubwa walimpiga picha zote alizokuwa anazililia. Daktari wa mgongo alikuwa mama wa makamo, haongei sana. Aliwaita ndugu pembeni, lakini Fundi Geti akasema mwenyewe naye asikie, hafichwi tena kitu.

"Mfupa ulivunjika siku ile ile," daktari alisema. "Kipande kilikuwa kinaubana uti wa mgongo taratibu. Alikuwa anatembea?"

"Alikuwa anashika ukuta," shemeji alisema.

"Basi hapo ndipo mngemleta. Alipokuwa anashika ukuta tungekitoa kile kipande, na huenda angetembea." Akatazama karatasi zake, akamtazama Gunia. "Pole sana. Miguu haitarudi."

Gunia alitikisa kichwa kukubali, kama anayepewa maelekezo ya barabara. Aliyeanguka ni kaka yake. Alikaa sakafuni kwenye korido ya watu, mgongo ukutani, mikono ile migumu imefunika uso, analia kwa sauti, na waliopita walimruka. Shemeji alimwacha alie. Alikuwa amemwonea huruma mtu mmoja mpaka ikamwishia.

Wakarudi nyumbani. Fundi Geti alitengeneza kiti cha magurudumu kwa mkono wake, vyuma alivyovipinda na kuvisugua mpaka vikang'aa, kizuri kuliko vya dukani. Alibomoa ngazi ya mlango akaweka mteremko. Kila asubuhi alimbeba Gunia mgongoni kumpeleka bafuni na kumrudisha, hataki mtu mwingine amguse. Huko njiani Gunia alimsimulia hata ile siri ya ulingoni, ya kubinyana viganja. Alikuwa anaamini kila kitu sasa. Gunia akisema anasikia baridi, analetewa mablanketi mawili. Akisema hana hamu ya kula, kaka mtu naye hali. Gunia alimwambia siku moja, "Kaka, niamini kidogo tu, usiniamini namna hii," na Fundi Geti hakuweza kucheka.

Vijana wa kampuni hawakuonekana. Walituma ujumbe wa pole, wenye picha ya ua.

Halafu, alasiri moja, shemeji akiwa kwenye cherehani, simu yake ililia, na kwa mazoea akaanza kusoma kwa sauti kabla hajajua anachosoma. Ni yule mchambuzi wa gazeti. "'Habari njema kwa wapenzi wa Ulingo wa Moto. Watengenezaji wamesikia kilio chetu. Katika toleo jipya, ile kasoro kubwa imeondolewa. Mwanamieleka akianguka kutoka juu ya kamba sasa anaamka mara moja, kama hakuna kilichotokea. Tumeongeza alama...'" Akaacha. Akaigeuza simu kifudifudi juu ya kitambaa.

"Umeacha kwa nini?" Gunia aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Si kitu. Upuuzi wa watu."

"Walimpata nani wa kuamka?"

"Hawajasema."

"Nataka kuona."

Shemeji alimtazama mume wake, aliyekuwa amekaa kizingitini anakunywa chai yake ya moto. Fundi Geti akaweka kikombe chini, akaichukua simu, akachuchumaa pembeni ya kiti. Akalitafuta gemu, akabonyeza kama alivyoelekezwa. Mtu yule mdogo ndani ya kioo akapanda juu ya kamba, akajitupa kinyumenyume, akatua. Kilio kile kikajaa sebuleni. Siisikii miguu, jamani. Na hapo hapo, kwa wepesi, akageuka upande, akasimama, akanyoosha mikono juu, watazamaji wa uso mmoja wakashangilia.

"Rudisha," Gunia alisema. Macho yake yalikuwa yamekazana, kama zamani alipokuwa anakagua kamba za ulingo. "Tena. Taratibu sasa."

Fundi Geti akarudisha.

"Simamisha! Umeona?"

"Sijaona kitu, mdogo wangu. Ni mtu yule yule."

"Si yule yule. Tazama bega. Mimi nimelalia la kushoto, huyu anaondokea la kulia, na mguu wake una nguvu." Gunia alinyoosha kidole, akagusa kioo pale kiunoni mwa yule mtu aliyelala. "Hapa. Mimi nimebaki hapa chini. Huyo aliyeamka ni mwingine."

Fundi Geti aliushika mkono wa mdogo wake pale pale juu ya kioo, akaubinya, akasubiri. Gunia hakumbinya.